Kasi ya Mapigo na Wingi wa Kazi

Wahenga walisema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Msomaji, methali hiyo ni ya kale kuliko kompyuta, lakini yaeleza vema historia ya prosesa, yaani kile kipande kidogo kilicho ubongo wa kompyuta.

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, kama wapiga makasia wanaofuata mlio wa ngoma. Prosesa iitwayo 4004, iliyotolewa mwaka 1971 na kampuni ya Intel ya Marekani, ilikuwa na transista 2,300, na mapigo yake yalipata 740,000 kwa sekunde. Kufikia mwaka 2000 mapigo yalikuwa yamefika bilioni 1. Watu wakazoea kupima ubora kwa hesabu hiyo moja, na wauzaji wakaitangaza kwa kuwa ni rahisi kuitaja.

Tazama sasa jinsi kipimo hicho kilivyopotosha. Novemba 2000 Intel ilitoa Pentium 4. Ili mapigo yaongezeke, kila kazi iligawanywa katika hatua ndogo 20, ilhali Pentium III iliyoitangulia ilikuwa na hatua 10. Hatua ndogo hutimizwa upesi. Lakini prosesa hukisia amri zitakazofuata, na ikikisia vibaya, kazi iliyokwisha kuanzwa hutupwa ikaanzwa upya. Kadiri hatua zilivyozidi, ndivyo hasara hiyo ilivyokua. Tena mapigo mengi yalizaa joto jingi. Mwaka 2004 Pentium 4 ilifika mapigo bilioni 3.8, ile ya bilioni 4 iliyokusudiwa ikafutwa mwaka uo huo. Ukingo ulikuwa umefikiwa.

Joto hilo liliidhuru zaidi kompyuta ya mkononi, ambayo ina nafasi finyu na hutegemea betri. Kwa ajili yake, wahandisi wa Intel walioko Haifa, nchini Israel, walishika njia nyingine. Machi 2003 ilitokea Pentium M, prosesa iliyoundwa ifanye kazi nyingi zaidi katika kila pigo. Ikiwa na mapigo bilioni 1.6, iliweza katika kazi nyingi kwenda sambamba na Pentium 4 za mkononi zenye mapigo zaidi ya bilioni 2, tena kwa umeme mdogo. Makasia yalipigwa polepole, lakini chombo kilikwenda. Mwaka 2006 Intel yenyewe iliiacha njia ya Pentium 4, ikatoa Core 2 Duo iliyofuata mwendo wa Pentium M.

Historia hii yamfaa kila atakaye kuiongezea nguvu kompyuta yake. Anayelazimisha mapigo yapande huongeza joto. Na joto likizidi, prosesa hujipunguzia mapigo yenyewe isije ikaungua, faida ikapotea. Kinyume chake, volti zikipunguzwa kwa sehemu 1 katika 10, mapigo yakabaki yale yale, umeme unaotumika kwa kazi hupungua kwa karibu sehemu 2 katika 10. Hata hivyo zikipunguzwa kupita kiasi, kompyuta hukwama katikati ya kazi. Kwa hiyo mwenye busara huanza kwa kusafisha vumbi katika feni, maana prosesa iliyopoa hudumisha kasi yake.

Nawe ukitakiwa kuchagua moja kati ya kompyuta mbili, usitosheke na hesabu iliyoandikwa juu ya sanduku. Zipe zote mbili kazi moja, ile utakayoifanya kila siku. Ziache zifanye kazi kwa muda wa kutosha hata zipate joto, kisha tazama ipi iliyomaliza kwanza na ipi iliyobakiza akiba ya betri. Waundaji wa prosesa walilipa gharama kubwa kabla ya kukiri kwamba wingi wa mapigo si wingi wa kazi; wewe waweza kujifunza jambo hilo bila gharama yoyote.