Chui wa Tingatinga kwa akriliki: asiharibike kabla kipindi hakijaisha

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama jijini Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, lakini wanyama wa aina yake, wenye macho makubwa na madoa kibao, wanachorwa hadi leo. Kwa somo la sanaa wanafaa sana, maana hakuna anayetegemea chui afanane na wa Serengeti. Akicheka au mkia ukijikunja mara tatu, ni sawa tu.

Rangi ya mafuta ina harufu kali na huweza kukaa mbichi mpaka kesho yake, kwa hiyo darasani wengi hutumia akriliki. Hii huchanganywa na maji na tabaka jembamba hukauka ndani ya dakika chache. Haraka hiyo ndiyo inayowaponza wanafunzi.

Kazi huanza na rangi ya nyuma, moja tu, tuseme bluu, inayopakwa kutoka juu hadi chini bila kusimama. Ikishaanza kukauka, kurudisha brashi hapohapo huibandua na kuacha mabaka. Bora kusubiri ikauke kabisa, kisha kupaka mkono wa pili. Maji yakizidi nayo, rangi hufifia na kushika vibaya.

Chui huchorwa kwa chaki juu ya bluu iliyokauka. Hapa kuna mtego: rangi nyingi za njano haziizibi ya chini, kwa hiyo njano juu ya bluu hugeuka kijani. Chui wa kijani si kosa, ila awe amekusudiwa! Dawa yake ni kujaza mwili kwa rangi nyeupe kwanza, ikauke, ndipo njano ifuate.

Madoa hayahitaji brashi. Kitako cha mpini wa brashi au njiti ya kiberiti huchovywa kwenye rangi na kugusishwa, na doa linatoka la duara safi. Njiti ichovywe tena kila baada ya madoa mawili matatu, la sivyo yanazidi kuwa madogo. Macho, sharubu na mstari mweusi wa kuzunguka mwili huja mwisho. Mstari ukienda kombo, unaachwa ukauke halafu unafunikwa kwa rangi ya pale.

Brashi, hasa za kuchangia, zisiachwe mezani hata kidogo. Akriliki ikikauka huwa kama plastiki, na maji hayaiondoi tena. Zinaoshwa kwa maji na sabuni, kisha zinalazwa. Zikisimamishwa kichwa chini kwenye kopo, nywele hupinda. Doa kwenye sare nalo lioshwe palepale, kabla ya kengele.