Madaftari Mawili, Kijiji Kimoja: Historia Fupi ya Kura Kwetu Kaniha

Ndugu wana-Kaniha, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Tunapoomba michango, swali la kwanza tunaloulizwa ni hili: fedha zikifika, nani anazisimamia? Jibu ni serikali ya kijiji. Darasa, kisima na zahanati havijengwi hewani. Vinajengwa kwenye ardhi ya kijiji, kwa uamuzi wa watu waliochaguliwa na wanakijiji. Kwa hiyo mwaka huu tumeona tueleze kwa ufupi kura ilivyofika kwetu, na kwa nini watu wengi bado wanaipoteza bila kujua.

Wazee wetu walitawaliwa kwanza na machifu, kisha na Wajerumani waliojenga boma Biharamulo, kisha na Waingereza. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1958 na 1959, haukuwa wa mkulima wa kawaida. Ili uandikishwe ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo kinachotambuliwa. Tena kila mpiga kura alilazimika kuwachagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Kwa masharti hayo, mwenye shamba la migomba na maharage alikuwa mtazamaji tu.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika haraka. Mwaka 1962 watu wazima wote walikuwa na haki ya kumpigia kura Rais. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walishindanishwa jimboni, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Huku chini balozi wa nyumba kumi ndiye aliyekuwa sikio na mdomo wa watu.

Kijiji chenyewe kilipata nguvu ya kisheria mwaka 1975, wakati wa Operesheni Vijiji. Lakini halmashauri za wilaya zilikuwa zimefutwa tangu 1972, na mambo mengi yakaamuliwa na maofisa kutoka juu. Sheria za mwaka 1982 ndizo zilizorudisha serikali za mitaa, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992, uchaguzi wa kwanza wa vijiji na vitongoji chini ya mfumo huo ulifanyika mwaka 1994. Tangu hapo umekuwa ukifanyika kila baada ya miaka mitano: 1999, 2004, 2009, 2014, 2019 na 2024.

Watu wa Biharamulo wameonyesha kwamba kura wanaijua. Jimbo la Biharamulo Magharibi lilichukuliwa na TLP mwaka 2005. Baada ya kifo cha mbunge Phares Kabuye, CCM ilishinda uchaguzi mdogo wa 2009 kwa tofauti ndogo, CHADEMA ikachukua 2010, na CCM ikarudi 2015. Chama chetu cha maendeleo hakina upande katika hayo. Tunayataja kwa sababu yanathibitisha kwamba kura za vijijini zinahesabika.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuumiza. Mwaka 2004 Tume ya Uchaguzi ilianza kuandaa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na wananchi wakapewa kadi. Mwaka 2015 likaja daftari la kielektroniki la alama za vidole. Daftari hilo ni la kumchagua Rais, Mbunge na Diwani. Uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji husimamiwa na TAMISEMI, na una orodha yake inayoandikwa upya kila mara. Mwaka 2024 mkoa wetu ulipitia yote mawili: mwezi Agosti watu waliandikishwa katika Daftari la Kudumu, kisha kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba wakatakiwa kujiandikisha tena kwenye kitongoji, kwa ajili ya kura ya tarehe 27 Novemba. Aliyesema "mimi kadi ninayo" akabaki nyumbani Oktoba, siku ya kura hakuwa na jina.

Kwetu sisi tulio karibu na Rwanda na Burundi, orodha hiyo ina uzito mwingine. Mwandikishwaji lazima awe raia, awe na miaka 18 na awe mkazi wa kitongoji. Orodha hubandikwa hadharani, na mtu anaweza kuwekewa pingamizi. Mwenye haki asipokwenda kuitazama anaweza kukuta jina lake halipo wakati muda wa kulalamika umekwisha.

Na uchaguzi huu si mdogo. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, na haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu. Mwenyekiti halipwi mshahara, lakini muhuri wake unagusa mashamba, malisho, mipaka na michango yetu. Mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa, na mahali pengi nchini wagombea walipita bila kupingwa. Hata hivyo mkutano mkuu wa kijiji ulibaki, na kila mkazi mtu mzima ana haki ya kusimama pale na kudai mapato na matumizi yasomwe.

Ndugu zetu mlioko Bukoba, Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko, hamuwezi kupiga kura ya kijiji ambacho hamkai. Jiandikisheni huko mliko. Lakini simu mnazo. Ifikapo uandikishaji wa 2029, kila mmoja ampigie mama, shangazi na vijana waliotimiza miaka 18, awaulize: umeandika jina kwenye kitongoji? Umekwenda kulitazama ukutani?

Mchango wako wa mwaka huu tunaupokea kwa shukrani. Utadumu pale tu watu wa nyumbani watakapokuwa na sauti juu ya wanaoutunza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwetu Kaniha, hata sauti bila daftari hupotea hivyo hivyo.

Karibuni tujenge nyumbani.