Risasi, Kiasi na Bombomu: Majina ya Silaha katika Habari za Majimaji

Wamwera, ambao nchi yao imeenea Nachingwea na Ruangwa, kule iliko Malolo, walikuwa miongoni mwa watu walioingia katika Vita vya Majimaji vya mwaka 1905. Ahadi iliyotoka kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yajulikana: risasi zitageuka maji. Lakini msomaji wa leo, asikiapo risasi, hufikiri kitu kizima kitiwacho katika bunduki. Na maana hiyo humpoteza.

Asili ya neno ni Kiarabu, nalo ni jina la madini yenyewe. Mwenye gobore alitia baruti kwanza, akaishindilia kwa mdeki, kisha akatia risasi au marisau. Na fataki ndiyo iliyowasha. Vitu vilikuwa mbalimbali, na kila kimoja kilikuwa na jina lake. Askari wa Wadachi walichukua bunduki za Mauser za mwaka 1871, zilizotumia kiasi, yaani ganda la shaba lenye fataki, baruti na risasi pamoja. Baadaye kiasi kwa maana hiyo kikasahauliwa, na risasi, iliyokuwa sehemu, ikawa jina la kitu kizima.

Kosa la pili ni kuchanganya mzinga, bomu na bombomu. Mzinga, wenye jina moja na gogo la nyuki, hutupa kombora moja moja, bomu hupasuka, bombomu humimina risasi mfululizo. Vita vilipofika Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, silaha iliyowafyeka washambuliaji ilikuwa bombomu. Mfasiri aandikaye mzinga hubadili habari ya vifo vile.

Tena, risasi huyeyuka kwa joto la nyuzi 327 tu za Selsiasi, ambalo moto wa kuni hulifikia. Mtu aliyejitengenezea risasi za gobore aliiona ikitiririka kama maji kabla ya kuimimina katika kalibu. Jambo hili halithibitishi chanzo cha ahadi ile, lakini laonyesha kwamba maneno yake hayakuwa mageni masikioni mwa watu waliozijua silaha. Kwa hiyo yampasa mhariri wa masimulizi ya zamani aliache kila jina kama lilivyotamkwa, kisha alieleze. Akilisahihisha, atakuwa amewanyamazisha wasimulizi.