Figo ya pacha na ugonjwa uliorudi

Tarehe 23 Desemba 1954, katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, Joseph Murray na wenzake walitoa figo ya Ronald Herrick wakampandikizia Richard, pacha wake wa kufanana. Kinga ya Richard haikuona ugeni wowote katika figo ile, wala hakuhitaji dawa za kushusha kinga. Tukio hilo husimuliwa kama ushindi, na Murray alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Mwisho wake hupitwa harakaharaka: Richard alifariki mwaka 1963, na ugonjwa wa vichujio ulioharibu figo zake za kuzaliwa ulikuwa umeishika na ya nduguye.

Mapacha hawa walikuwa jaribio ambalo hakuna daktari angethubutu kulipanga, yaani figo nzima ndani ya mwili ambao kinga yake haijaguswa. Mwaka 1968 madaktari walichapisha taarifa za mapacha waliopandikizwa namna hiyo. Kati ya waliougua vichujio, wengi wao walirudiwa na ugonjwa. Wapokeaji wasio mapacha, waliomeza azathioprini na steroidi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, hawakuonekana kurudiwa kwa wingi huo. Ninavyouona ushahidi huu, dawa zilizolenga kuzuia figo isikataliwe zilikuwa pia zikiutuliza ugonjwa wa awali, ingawa hakuna aliyezitoa kwa nia hiyo.

Lipo pingamizi zito. Zama zile figo nyingi za wasio mapacha zilikataliwa mapema, kwa hiyo ugonjwa haukupata muda wa kurudi. Yaliyofuata yanalipa nguvu. Siklosporini, dawa iliyotokana na kuvu, ambayo Roy Calne alianza kuwapa wagonjwa wa figo Cambridge mwaka 1978, ilipunguza sana kukataliwa. Figo zikadumu, na ugonjwa nao ukapata nafasi. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia wapokeaji 1,505 waliothibitika kuwa na magonjwa ya vichujio: asilimia 8.4 walipoteza figo mpya ndani ya miaka 10 kwa sababu ugonjwa ulirudi. Mwaka 2009 takwimu za Marekani za wapokeaji zaidi ya 40,000 hazikuonyesha dawa moja kuishinda nyingine katika kuzuia hasara hiyo.

Hata hivyo takwimu hizo ziliyaweka magonjwa tofauti katika kapu moja, na hapo ndipo ninapozitilia shaka. Ugonjwa wa IgA, mmoja wa magonjwa hayo ya vichujio, ulipochambuliwa peke yake Australia na New Zealand mwaka 2011, walioendelea na steroidi walipoteza figo kwa kurudiwa mara chache kuliko walioziacha. Ni kweli kwamba aliyeachishwa steroidi huenda alitofautiana na mwenzake kwa mambo mengine pia, na uchunguzi wa aina hii hauwezi kuliondoa shaka hilo lote. Lakini tazama ugonjwa wa makovu ya vichujio: kwa baadhi ya wagonjwa protini humwagika kwenye mkojo saa chache tu baada ya upasuaji, dawa zote zikiwa tayari mwilini, na madaktari hulazimika kuchuja utegili wa damu. Miaka ya karibuni baadhi ya wagonjwa hao wamekutwa na kingamwili zinazoshambulia nefrini, protini ya ukuta wa kichujio. Kwa mgonjwa kama huyo, kubishana kuhusu siklosporini au azathioprini ni kubishana kuhusu mlango ambao mwizi hakupitia.