Chumba Chenye Makasha Matatu: Yuji Horii na Uandishi wa Dragon Quest

Mchezo wa video wa Dragon Quest unaanzia chumbani. Mfalme ameketi kitini, askari wamesimama, makasha matatu yako sakafuni na mlango umefungwa. Mchezaji anayeshika pedi kwa mara ya kwanza hana pa kwenda. Inabidi amsemeshe askari, afungue makasha, achukue ufunguo, afungue mlango, kisha achague amri ya kushuka ngazi. Akifika nje ya kasri, ameshajua karibu kila tendo atakalolihitaji safarini, na hakuna aliyemsomesha. Chumba chenyewe ndicho kilichomfunza.

Aliyekibuni ni Yuji Horii, mzaliwa wa Sumoto katika kisiwa cha Awaji, mwaka 1954. Alisoma fasihi katika Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, huku akitamani kuwa mchoraji wa manga, zile hadithi za katuni za Kijapani. Mambo hayakwenda hivyo. Akawa mwandishi wa kujitegemea, akiandikia majarida, likiwemo Shonen Jump lililosomwa na watoto wa nchi nzima. Kompyuta ndogo za nyumbani zilipoingia madukani, alijifunza mwenyewe kuandika programu. Mwaka 1982 alipeleka mchezo wake wa tenisi katika shindano la kampuni ya Enix, ukawa miongoni mwa michezo iliyoshinda.

Mwaka uliofuata alitoa hadithi ya upelelezi, Portopia, inayotokea Kobe. Mchezaji ni mkuu wa wapelelezi, lakini haonekani kamwe. Anaandika amri kwa kibodi, naye msaidizi wake Yasu anazitekeleza: nenda kule, muulize yule, pekua chumba hiki. Mwishoni inabainika kwamba muuaji ni Yasu. Mkono uleule uliokutumikia tangu mwanzo ndio ulioua! Riwaya ingeweza kusimulia usaliti huo, lakini isingeweza kumfanya msomaji mwenyewe asalitiwe, maana msomaji wa riwaya hatoi amri. Horii alikuwa ameona mapema kwamba katika sanaa hii mpya anayesimuliwa naye yumo ndani ya hadithi.

Kibodi, hata hivyo, ilikuwa kikwazo. Watu walikwama wakibahatisha maneno ambayo kompyuta ingeyaelewa. Katika mchezo wake wa upelelezi wa mwaka 1984, uliofika hadi Hokkaido, aliweka orodha ya amri za kuchagua. Portopia ilipohamishiwa mashine ya michezo ya Famicom mwaka 1985, nayo ikapata orodha hiyo.

Hapo njia ya Dragon Quest ikawa wazi. Horii na mwandaaji programu Koichi Nakamura walikuwa wapenzi wa Wizardry na Ultima, michezo ya Marekani iliyojaa hesabu na masharti. Walitaka mtoto asiyejua lolote aweze kucheza michezo ya aina hiyo. Akira Toriyama, mchoraji wa Dragon Ball, alichora mazimwi, na Koichi Sugiyama akatunga muziki. Mchezo ulitoka tarehe 27 Mei 1986.

Kaseti ile ilibeba kilobaiti 64 tu. Programu, picha, muziki na maneno vyote viligombea nafasi hiyo. Hata herufi za Kijapani za katakana hazikuweza kuingia zote, hivyo majina ya mazimwi na ya miji yalibidi yaundwe kwa zile chache zilizobaki. Ndiyo maana wanakijiji wa Horii husema sentensi moja au mbili, basi. Mmoja anataja pango, mwingine analalamika kuhusu jirani, na mchezaji anaunganisha mwenyewe. Nafasi ya kuhifadhi safari nayo haikuwepo. Ukitaka kupumzika, mfalme alikupa maneno ya siri yenye herufi 20, uyanakili daftarini. Yalipangwa kwa mizani ya 5, 7, 5 na 3, mpangilio ambao mwanzo wake kila Mjapani anaujua kwa mashairi ya haiku. Herufi moja ikikosewa, safari imepotea.

Shujaa mwenyewe hasemi neno. Wako wanaouona ukimya huo kama upungufu. Mimi nauona kama kiini cha kipaji chake. Fanani wetu akisema paukwa, hadithi haiendi mpaka aitikiwe pakawa, na Horii aliiacha tupu nafasi ya pakawa ili mchezaji aijaze. Mwishoni mwa mchezo ule wa kwanza mtawala wa mazimwi anamuuliza shujaa kama atakubali kugawana naye dunia nusu kwa nusu. Jibu ni ndiyo au hapana, na ndiyo humwangamiza anayeitoa.

Sehemu ya tatu ya Dragon Quest ilitoka Februari 1988, siku ya kazi, ikauza zaidi ya nakala milioni moja siku hiyohiyo. Wanafunzi walitoroka shule wakapange foleni. Lakini kazi yake ninayoiheshimu kupita zote ni sehemu ya tano, ya mwaka 1992. Mtoto anasafiri na baba yake. Baba anauawa akimlinda. Mtoto anatumikishwa utumwani miaka kumi. Akiwa mtu mzima, anatakiwa kuchagua mke: Flora, binti wa tajiri, au Bianca, rafiki wa utotoni. Usiku wa kuamkia uamuzi, mchezaji anaweza kuzunguka mjini. Flora amelala. Bianca yuko macho. Kabla ya hapo mhusika huyo anaushika upanga wa shujaa wa kale, nao unamkataa. Anayestahili kuushika ni mwanawe, ambaye hajazaliwa bado.

Julai 2021, michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa Tokyo, muziki wa Dragon Quest ndio uliotangulia wakati wanamichezo wa dunia, wa Kenya na Tanzania wakiwemo, walipoanza kuingia uwanjani. Sugiyama alifariki Septemba mwaka huohuo, na Toriyama akafuata Machi 2024. Novemba 2024 sehemu ya tatu ilitolewa upya kwa picha za kisasa. Safari ya shujaa inaanza kama katika mchezo wa awali: ni asubuhi, mama anamwamsha mwanawe aliyetimiza miaka 16, ampeleke kwa mfalme. Mtoto anaamka, anamfuata mama yake nje, bila kusema neno.