Kabla ya dera kulikuwa na kanga: nguo moja ya jikoni na ya harusini

Joto la kaskazi ndiyo hili, feni zinazunguka usiku kucha, na kila mdada anatafuta gauni moja jepesi la kwenda nalo sokoni asubuhi, halafu jioni abadilishe viatu tu, atupie hereni, aende zake kwenye sendoff. Ukiingia dukani muuzaji anakuambia hii fasheni mpya dada, dera la mitoko yote. Mpya wapi! Bibi zetu wa pwani walishalimaliza hilo jambo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, tena kwa vipande viwili vya kitambaa visivyo na mkono, zipu wala kifungo.

Leo tuongee historia ya kanga. Najua wengi mmeshasoma ile ya pindo, mji na jina, hiyo ya mtihani. Mimi nataka tuwaangalie waliovaa. Hao majina yao hayapo kwenye vitabu, hawakupiga picha za kujitambulisha, lakini bila wao hili vazi lisingekuwepo kabisa.

Tuanzie kwenye merikani. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Oman na Zanzibar alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Meli za wafanyabiashara wa Salem, kule Massachusetts, zilikuwa zinaleta kitambaa kigumu cha pamba, cheupe cha kufifia, na zinaondoka na pembe za ndovu, karafuu, ngozi na sandarusi. Watu wakakipa kitambaa jina la nchi kilikotoka, ndiyo hiyo merikani. Ukikichovya kwenye nili mpaka kikawa cheusi cha bluu, hapo umepata kaniki.

Sasa kaniki ndiyo ilikuwa nguo ya mtumwa. Rangi yake haionyeshi uchafu haraka, inafaa shamba na jikoni, na bei yake ndogo. Mwanamke mtumwa alijifunga kipande kimoja chini ya kwapa, mabega wazi, kichwa wazi, miguu mitupu. Na hapa msome vizuri: kichwa wazi haikuwa kwa sababu ya joto. Kufunika kichwa ilikuwa alama ya waungwana, na viatu vivyo hivyo. Mtumwa kujitanda mbele ya bwana wake ilihesabika ni jeuri.

Upande wa pili angalia picha maarufu ya Sayyida Salme, binti wa huyo huyo Sayyid Said. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1844, baadaye akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na kumbukumbu zake zikachapishwa Ujerumani mwaka 1886. Amevaa kanzu ndefu, suruali inayoshuka hadi kifundoni, kilemba na vito vya kutosha. Yaani katika mji mmoja, kwenye kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe, ungemwona mtu yuko mbali hujasikia hata sauti yake, ukajua tayari huyu ni nani na anamilikiwa na nani. Nguo ilikuwa kitambulisho.

Katikati ya hayo ndipo ikaingia leso. Neno lenyewe ni la Wareno, maana yake kitambaa cha mkononi. Leso zilikuja zimechapwa kwenye jora refu, zinafuatana, muuzaji anakukatia idadi unayotaka. Kuna wanawake, na kama nilivyosema hakuna aliyeandika majina yao, wakafanya kitu cha ajabu. Badala ya kukatiwa moja moja walikatiwa sita, wakazishona tatu juu na tatu chini, ikatoka shuka moja kubwa yenye nakshi ambayo hakuna kiwanda kilichokuwa kimeibuni. Hii ni miaka ya 1870 na 1880 hivi. Zanzibar wanasema ilianzia kwao, Mombasa nao wanasema ni kwao, na mimi kwenye huo ugomvi simo.

Wafanyabiashara siyo wajinga. Walipoona akina mama wanapoteza muda kushona, wakaagiza Ulaya shuka nzima iliyochapwa kwa mkupuo mmoja. Inasimuliwa kwamba zile za mwanzo zilikuwa na madoa meupe kwenye rangi ya giza, watu wakaona zinafanana na yule ndege kanga, jina likakaa. Mombasa mpaka leo wengi wanasema leso. Ninachopenda kwenye hii stori ni kwamba aliyebuni ni mvaaji. Kiwanda kilikuja nyuma kuiga. Siku hizi tunasubiri tuambiwe na mtu wa mbali mwaka huu tuvae nini.

Haya, sasa tufike penye uzito. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897, ingawa masuria waliachwa nje ya hiyo sheria mpaka 1909. Hebu jiulize, umeamka asubuhi wewe siyo mali ya mtu tena. Huna shamba, huna nyumba, karatasi ya uhuru jirani yako hawezi kuisoma. Utafanya nini ili barabarani watu wajue?

Waliacha kaniki. Wakanunua kanga.

Na hawakununua moja, walinunua doti, vipande viwili vinavyofanana. Kimoja unajifunga kifuani, cha pili unajitanda kichwani na mabegani. Kile cha pili ndicho chenye maneno yote. Kile ndicho mama yake hakuruhusiwa kukivaa. Kwa hiyo unapomwona bibi amejitanda kanga, akainyoosha upande mmoja ikashuka vizuri begani, usifikiri ni pambo tu. Kuna mtu alisubiri maisha yake yote kufanya hivyo.

Pesa walitoa wapi? Walichuma karafuu kwa ujira, waliuza vyungu, walisuka ukili na mikeka, walishona kofia, walipika vitafunwa wakauza mitaani. Jasho lao wenyewe. Na wafanyabiashara wakawa wanaleta nakshi mpya kila mara, ya mwezi uliopita inaonekana imepitwa. Wazungu waliokuwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 waliandika wakishangaa jinsi wanawake wa mjini walivyokuwa wanakimbizana na kanga mpya. Kuna wanaosoma hayo leo wakasema unaona, wanawake na mambo yao ya fasheni tangu zamani. Mimi sioni hivyo. Mtu ambaye jana alikuwa anavalishwa nguo ya aina moja kwa lazima, leo anasimama dukani anasema hii sitaki, nipe ile. Hiyo siyo tamaa ya nguo.

Kwenye hili namkumbuka Siti binti Saad, maana yeye angalau jina lake lilibaki. Alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Ndiyo, Mtumwa. Alikuja mjini, msichana aliyezoea kuuza vyungu, akawa mwimbaji wa taarabu mpaka mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Shaaban Robert aliandika kitabu kizima juu ya maisha yake. Siti ni jina la heshima, la bibi mkubwa. Kuna waliobadilishiwa jina na kuna waliobadilisha nguo tu, lakini safari yao ilikuwa moja.

Tuje sasa kwenye mavazi yenyewe, maana najua wengine mmekuja kwa hilo. Doti moja ilikuwa inafanya kazi gani? Nyumbani kimoja kinafungwa kifuani, cha pili kinafungwa kiunoni juu ya gauni ili moshi na mafuta visiguse nguo. Ukienda kisimani kinakunjwa kinakuwa ngata ya kubebea mtungi. Mtoto akilia kinageuka mbeleko. Jua likiwa kali kinapanda kichwani. Halafu kukiwa na shughuli, doti ile ile, ikiwa bado mpya na ile wanga yake ya kiwandani inayofanya isimame, inapigwa pasi, inafungwa kwa kubana, inafukizwa udi, na kikuba cha asmini kinabandikwa kifuani. Viatu vinabadilika, hina inapakwa, basi. Huyo ni mtu mwingine kabisa.

Wazee wa pwani wana utaratibu wa kushusha kanga cheo ambao naupenda sana. Mpya ni ya mtoko tu. Ikishafuliwa mara kadhaa ikalainika inakuwa ya kushindia nyumbani. Ikipauka inakuwa ya kulalia, ikichakaa inakuwa nepi, na mwisho kabisa inadekia. Hakuna nguo inayotupwa ikiwa nzima. Linganisha na gauni lililovaliwa kwenye sendoff moja, likapigwa picha, sasa limening'inia kabatini kwa sababu kila mtu ameshaliona.

Na usivae jina limepinda. Yale maandishi yanatakiwa yakae nyuma, chini ya kiuno, yasomeke vizuri na anayebaki nyuma yako. Majina yaliingia kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi tunazotumia. Kule Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la alama ya "Mali ya Abdulla", ndilo linalotajwa sana kwenye hiyo habari. Mke mwenza, jirani mmbea, mkwe asiyeridhika, wote walijibiwa bila mtu kufungua mdomo. Kisutu tu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya bi harusi, ndiyo kwa kawaida haina neno. Bi harusi siku hiyo hana haja ya kumjibu mtu.

Kwa miaka mingi kanga zilichapwa mbali, Uingereza, Uholanzi, India, Japani. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kikafunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na watu wakavaa kanga iliyochapwa Ubungo.

Lakini mwaka huo huo kuna jambo lingine lilitokea ambalo wapenda mitindo hatulizungumzi. Oktoba 1968 vijana wa TANU walitangaza kampeni, ikaitwa Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vikapigwa marufuku, eti si utamaduni wetu. Hata kabla ya tarehe kufika wasichana walisimamishwa barabarani, wakazomewa, na karibu na Kariakoo makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake na kuwachania nguo. Wengine walikuwa wanatoka zao kazini. Hao pia majina yao hatunayo.

Mimi kanga naipenda kuliko nguo yoyote, mnajua. Ila nikisoma hiyo habari nakereka. Nguo ambayo mabibi waliichagua wenyewe ili kuonyesha hawaamriwi na mtu, kizazi cha tatu watu wanaitumia kumwamrisha mwanamke ajifunike. Na haijaisha. Wangapi hapa mnatembea na kanga kwenye pochi? Akipigiwa simu ya msiba ajifunge, sawa, hilo ni la heshima na hata mimi nafanya. Lakini kuna anayeibeba kwa sababu ya stendi tu, kwa kuogopa makonda na vijana wa kijiweni. Kanga ni ile ile, sababu ndiyo tofauti.

Turudi kwenye dera tulikoanzia. Jina na umbo lake vinafanana na dirac la Wasomali, gauni pana jepesi ambalo wao huvaa na sketi ya ndani na mtandio, la nyumbani kitambaa chake, la harusi kitambaa chake. Ni ndugu wa kanga kwa tabia. Sina ugomvi na dera, ila angalia kitambaa. Yale ya nailoni yanang'aa dukani lakini mwezi wa pili kwenye daladala ya saa nane mchana utajuta, jasho halina pa kutokea. Tafuta la pamba.

Au nunua doti yako mpeleke fundi. Kila kanga ni kama sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo doti nzima inatosha gauni refu la mtu wa kawaida. Kwanza iloweke kwenye maji, ianike kivulini, ndiyo ikatwe, maana ukishona kabla haijarudi utalia. Mwambie fundi pindo liangukie chini kabisa na lingine likae kwenye mikono. Jina asilikate katikati, alipitishe mgongoni au kwenye upindo wa chini. Kitambaa kikibaki dai ufungie kilemba, usimwachie. Mchana vaa na ndala na mkanda mwembamba kiunoni. Jioni toa mkanda, vaa viatu vya kisigino na hereni kubwa, funga kilemba kwa juu, na kama uko Tanga au Unguja asmini haina bei ya kukushinda.

Wa Mombasa na Lamu, nasikia mna namna yenu ya kujifunga leso za harusi ambayo sisi wa bara hatuiwezi. Hebu tuelezeni hapo chini, na mwenye kisutu cha bibi yake aseme kimetunzwaje.