Nani Mwenye Kauli Kijijini? Miaka Mia ya Mabaraza Katika Nyanda za Buha

Zamani, mgeni aliyetaka kulima katika vilima vya Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, hakuanzia kwa Mwami, yaani chifu. Alikwenda kwa umuteko, mzee wa ukoo uliotangulia kukaa mahali pale. Huyo ndiye aliyemwonyesha pa kujenga na pa kulima, akaamua ugomvi wa mipaka na kuiombea ardhi baraka. Mwami wa Heru, huko Kasulu, au wa Muhambwe, iliko Kibondo ya leo, alikuwa na ng'ombe, ngoma na watwale wa kumkusanyia ushuru. Lakini mambo ya udongo yalikuwa ya umuteko, na hata Mwami alilazimika kuliheshimu hilo.

Basi Waha walijua utawala wa ngazi mbili tangu zamani: wa juu anayeamuru, na wa chini anayeijua ardhi na watu wake. Historia ya serikali za mitaa katika wilaya za Kasulu na Kibondo inaeleweka vizuri zaidi ukiisoma kama mvutano wa ngazi hizo mbili, na kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini ngazi ya chini ndiyo iliyoshindwa.

Wajerumani walikuja na kodi. Wabelgiji waliishika Kigoma mwaka 1916, wakaikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921. Gavana Donald Cameron alipoleta sheria ya tawala za wenyeji mwaka 1926, Wami walipewa mshahara, mahakama na hazina. Karani aliandika, Mwami akatia sahihi, mtwale akapeleka habari vijijini. Mkulima alizipokea habari hizo zikiwa zimekwisha kuwa amri: kodi ni kiasi fulani, barabara itachimbwa siku fulani. Vijana wengi waliitafuta pesa ya kodi katika mashamba ya mkonge ya mbali, wakaitwa manamba.

Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu katika maeneo yenye mbung'o na kuwakusanya katika makazi mapya. Sababu ya kiafya ilikuwa ya kweli, maana malale yaliua. Hata hivyo, aliyechagua pa kuhamia alikuwa ofisa, na familia ziliacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Kwa mara ya kwanza, wakazi wa nyanda hizi waliona serikali ikiamua hata mahali nyumba ya mtu itakaposimama.

Katika miaka hiyo ya ukoloni yupo mtu mmoja anayestahili kukumbukwa zaidi ya anavyokumbukwa. Mwaka 1946 Heru ilipata Mwami mwanamke, Theresa Ntare. Aliongoza katika zama ambazo mikutano ya machifu wa Tanganyika ilikuwa ya wanaume karibu yote, na nchi ilipopata uhuru alikuwa miongoni mwa wanawake wachache sana waliokuwa wabunge. Mwaka 1963 sheria ikafuta uchifu nchini, na mahali pa Wami pakachukuliwa na halmashauri za wilaya zenye madiwani.

Halmashauri hizo hazikuishi hata miaka kumi. Mwaka 1972 Kasulu na Kibondo zilipata mapigo mawili kwa pamoja, na ni muhimu kuyatazama pamoja. La kwanza lilikuwa mpango wa Madaraka Mikoani, uliofuta halmashauri za wilaya nchi nzima na kuweka mambo mikononi mwa watendaji waliotumwa kutoka serikali kuu. La pili lilikuwa Operesheni Kigoma, iliyowahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, vingi kandokando ya barabara. Mwaka uleule ambao mkazi aliamriwa kuhama, diwani ambaye angempelekea malalamiko hakuwepo tena. Waliokuwa watoto wakati wa malale walihamishwa tena wakiwa na watoto wao. Vijiji hivyo vilirahisisha kujenga shule na zahanati, hilo halikanushiki, lakini watu hawakuulizwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani, katika miaka ya 1980, kwamba kufuta serikali za mitaa lilikuwa kosa.

Kosa hilo lilisahihishwa kwa sheria mbili za mwaka 1982, namba 7 ya mamlaka za wilaya na namba 8 ya mamlaka za miji, na halmashauri zikarudi kazini mwaka 1984. Jambo kubwa zaidi katika sheria ile ya wilaya, kuliko hata kurudi kwa madiwani, ni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu kabisa kijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaongeza nguvu: halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Kazi ya umuteko, kwa maana hiyo, imerudi kijijini, ila sasa iko mikononi mwa watu wote, wanawake na vijana wakiwemo.

Mkutano wenyewe hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti hukaa mbele na mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye katibu, akiwa na daftari la mihtasari. Ajenda zinajulikana: kufungua, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, mengineyo. Mkazi makini hasubiri mengineyo, wakati jua limekaza na watu wameanza kuondoka. Husimama kwenye yatokanayo na kuuliza: mkutano uliopita tuliambiwa fedha za darasa zimepokelewa, zimefika wapi? Jibu likiandikwa katika muhtasari, mkutano ujao haliwezi kukanwa.

Kwa upande wa miji kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kasulu imekua hadi kuwa na halmashauri yake ya mji, na mji una mitaa. Kijiji kilichosajiliwa ni chombo cha kisheria: kinamiliki mali, kinashtaki na kushtakiwa, kinatunga sheria ndogo. Mtaa hauna uwezo huo. Mkutano wake hujadili na kushauri, na uamuzi hufanyika halmashauri. Wakazi wanaoshangilia hadhi ya mji wanapaswa kujua kwamba wanapopata lami na taa za barabarani wanaacha pia kauli ya mwisho waliyokuwa nayo kijijini. Kwao, vikao vya baraza la madiwani, ambavyo viko wazi kwa wananchi, vina uzito mkubwa kuliko kwa mtu wa kijijini, na inasikitisha kuona viti vya wasikilizaji vikikaa vitupu.

Watu wa nyanda hizi si waoga wa kuchagua wanachokitaka. Mwaka 2010 chama cha NCCR-Mageuzi kilipata majimbo manne tu nchi nzima, yote ya Kigoma, na matatu kati yake yalikuwa Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe. Mwaka 2019, vyama vikuu vya upinzani vilipojitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, CCM ilichukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi nchini, na vijiji vingi vikapata wenyeviti bila kura kupigwa. Uchaguzi uliofuata ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, ukiwa na orodha yake ya wapiga kura, tofauti na daftari la kudumu la uchaguzi mkuu.

Viongozi waliopatikana siku hiyo wana miaka mitano. Katika muda huo sheria inawataka waitishe mikutano mikuu takriban ishirini kwa kila kijiji, na katika kila mmoja waeleze kilichoingia na kilichotoka. Kama miezi mitatu imepita kijijini kwako na mkutano haujaitishwa, nenda ofisi ya kijiji, umwulize mtendaji tarehe, na uende na jirani zako.